Mafigo ya wazee wetu hulindwa jikoni

Nyumba safi husifiwa na wageni, lakini ni wachache wanaomwuliza aliyeamka alfajiri akaifagia. Ndivyo ilivyo katika mwili wa mwanadamu. Twausifu moyo kwa kupiga kwake, twayasifu macho na mikono; lakini mafigo, yanayofagia damu yetu usiku na mchana bila kupumzika, hatuyataji ila siku yanapochoka. Na siku hiyo mara nyingi tumekwisha kuchelewa.

Leo twataka kusema nanyi, baba na mama wa nyumba, nanyi wanafunzi mnaowasomea wazee gazeti jioni, juu ya mafigo ya wale waliotuzaa na kutulea. Iko sababu ya kusema. Masokoni na penye vituo vya magari twaona chupa na unga wa kila rangi, navyo vyatangazwa kwa sauti kubwa kwamba ni dawa ya kuosha figo, iliyotengenezwa kwa tangawizi, manjano, kitunguu saumu na mizizi ya namna nyingi. Mtoto mwenye huruma humnunulia mama yake mzee chupa moja kwa fedha iliyotosha chakula cha juma zima. Jioni ile ile mama huyo huandaliwa samaki wa chumvi katika mchuzi uliotiwa vidonge viwili vya dukani. Chupa imeahidi kujenga, na chungu chabomoa.

Sisi twasema hivi: viungo vya jikoni vyaweza kweli kuyasaidia mafigo ya wazee, lakini si kwa njia inayotangazwa na wauzaji. Haviyaoshi mafigo hata kidogo. Kazi yao kubwa ni kuifukuza chumvi chunguni. Tulifuate jambo hili hatua kwa hatua, ili kila mmoja aone mwenyewe.

KAZI YA MAFIGO

Mafigo ni mawili, nayo yamekaa upande wa mgongo, moja kuume na moja kushoto, karibu na mbavu za mwisho. Umbo la figo ni kama punje ya haragwe, na ukubwa wake kama ngumi ya mtu mzima. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, karibu milioni 1, visivyoonekana kwa macho matupu. Kila moyo unaposukuma damu, karibu sehemu 1 katika 5 hupelekwa huko. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja karibu lita 180 za maji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini; ni lita 1 au 2 tu zinazotoka kuwa mkojo, zikichukua taka pamoja na chumvi iliyozidi.

Wala kazi haiishi hapo. Mafigo husaidia kutawala shinikizo la damu, lile ambalo wengi huliita tansio. Huiamsha vitamini inayoimarisha mifupa. Tena huupelekea mwili amri ya kutengeneza damu mpya. Ndiyo sababu mtu ambaye mafigo yake yameharibika hupauka kwa upungufu wa damu, huvimba miguu, na mifupa yake hudhoofika.

Sasa tuutazame uzee. Tangu umri wa miaka 40 hivi, vichujio huanza kupungua mmoja mmoja, na kwa wengi nguvu ya kuchuja hushuka karibu sehemu 1 katika 100 kila mwaka. Jambo hili peke yake si ugonjwa, kama vile kuota mvi si ugonjwa. Mzee wa miaka 75 aweza kuishi vema na mafigo ya umri wake. Lakini akiba yake imepungua. Chumvi nyingi, kuharisha bila kunywa maji, vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku: mizigo hii kijana huibeba bila kuisikia, na mzee yamlemea. Mtumbwi mkuukuu bado huvuka ziwa, lakini haupakizwi kama mtumbwi mpya.

UGONJWA USIO NA KELELE

Jino likiuma, nyumba nzima yajua. Figo likiharibika, laweza kunyamaza miaka mingi. Mtu hula, hulima, hucheka, hata sehemu kubwa ya vichujio vyake imekufa. Dalili zinapoonekana, yaani uvimbe wa miguu na uso, uchovu, kichefuchefu, mkojo wenye povu lisiloisha, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Katika mwaka 1827 daktari Mwingereza, Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, aliandika habari za wagonjwa waliovimba mwili. Mkojo wao ulipopashwa moto katika kijiko juu ya mshumaa, uliganda mfano wa ute wa yai. Ute huo ni protini ya damu, ambayo chujio zima haliipitishi. Hivyo ikajulikana kwamba mafigo yao yametoboka. Siku hizi hakuna haja ya mshumaa. Kikaratasi kidogo kikichovywa katika mkojo hubadili rangi, na muuguzi wa kituo cha afya asoma jibu kwa dakika chache. Tena hupima shinikizo la damu, na hospitalini damu hupimwa taka iitwayo kreatinini.

Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 800 duniani wana ugonjwa wa figo. Wanaoongoza katika kuyaharibu mafigo ni wawili: ugonjwa wa sukari na shinikizo kubwa la damu. Kwa watu wa asili ya Afrika yako pia mambo ya urithi. Mwaka 2010 wataalamu walionyesha kwamba wengi wenye asili ya Afrika, hasa ya Magharibi, hurithi alama fulani katika mbegu zao za uzazi. Alama hiyo hupigana na namna moja ya vijidudu vya malale, na huenda ndiyo iliyowaokoa baadhi ya mababu. Lakini anayeirithi kwa baba na kwa mama pia, mafigo yake yamo hatarini zaidi. Urithi hatuwezi kuubadili. Chakula twaweza.

Tena yafaa kujua gharama ya kuchelewa. Mafigo yakifa kabisa, damu ya mgonjwa yapasa kuchujwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kila juma, muda wa saa 4 hivi kila mara, maisha yake yote, asipopata figo la mtu mwingine. Mashine ya namna hiyo ilitengenezwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, wakati wa vita, kwa utando uliotumiwa kufungia soseji. Imewaokoa watu wengi sana. Lakini katika nchi yetu mashine hizo zimo katika miji michache tu, na bei yake huwashinda watu wengi. Shamba huuzwa, watoto huacha shule. Kwa hiyo, usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta huu wengi hawana matofali yake.

MALI YA KALE, ADUI WA LEO

Mababu zetu waliiheshimu chumvi kama mali. Chumvi ya ziwa Katwe, upande wa Uganda, ilichukuliwa na wachuuzi hata mashariki ya Kongo. Chumvi ya Uvinza ilivushwa ziwa Tanganyika kwa mitumbwi. Watu walitembea siku nyingi na mizigo kichwani ili wapate kidogo cha kutia chunguni. Si ajabu basi kwamba ulimi wetu hata leo huona chumvi nyingi kuwa ukarimu, na chumvi kidogo kuwa uchoyo.

Lakini kilichokuwa adimu leo kimejaa kila duka. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Walimwengu kwa wastani hula karibu gramu 11, zaidi ya maradufu.

Chumvi huharibuje? Huyavuta maji na kuyazuia mwilini. Maji yakizidi katika damu, mishipa hubanwa, na shinikizo hupanda. Shinikizo hilo hupiga vile vichujio vyembamba mchana na usiku, kama mvua kubwa inavyopiga udongo wa shamba la mlimani, mpaka vipasuke na kuota makovu. Vikipungua, chumvi hutoka kwa shida zaidi, na shinikizo huzidi kupanda. Hivyo shinikizo laharibu figo, na figo lililoharibika laongeza shinikizo.

Tunao ushahidi wa karibu. Katika Kenya wataalamu waliwafuata Waluo waliohama vijiji vyao vya magharibi kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa limepita la wenzao, na mkojo wao ulionyesha kwamba sasa walikula chumvi nyingi zaidi kuliko zamani. Ukoo ulikuwa ule ule. Chungu kilikuwa kimebadilika.

CHUMVI INAPOJIFICHA

Mama wa nyumba aweza kusema kwa haki, "Mimi natia kidogo tu." Nasi twamsadiki. Lakini chumvi ina milango mingi ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni vile vidonge vya mchuzi. Mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Kidonge cha gramu 10 chaweza basi kuleta karibu gramu 5, na juu yake mpishi hutia chumvi nyingine. Mlango wa pili ni makayabu na samaki wengine waliokaushwa kwa chumvi. Mlango wa tatu ni magadi ya kulainishia maharagwe na sombe: hayana ukali wa chumvi ulimini, lakini yana sodiamu ile ile inayopandisha shinikizo. Mlango wa nne ni mkate, nyama za kopo na karanga za chumvi za barabarani.

Kisha iko hatari ya wazee hasa. Ulimi huzeeka pamoja na mwili, na ladha hupungua. Babu asema mboga imepooza, naye huomba kopo la chumvi mezani. Hafanyi kiburi, kweli haisikii ladha. Hapo ndipo watoto hukosa la kufanya. Wakimpa chumvi, wamwumiza. Wakimnyima, yeye huona amedharauliwa na kulishwa kama mfungwa.

VIUNGO VINA KAZI GANI?

Daktari Walter Kempner, aliyetoka Ujerumani akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, alianza mwaka 1939 kuwatibu wagonjwa wa figo na wa shinikizo kali kwa wali na matunda, karibu bila chumvi yoyote. Wakati huo dawa nzuri za shinikizo zilikuwa hazijapatikana. Wengi walipata nafuu kubwa, hata mioyo iliyokuwa imetanuka ikarudi nyuma. Lakini chakula kile kilikuwa chapwa mno, na kazi ngumu ilikuwa kuwafanya wagonjwa wakivumilie. Somo lake ni hili: kuondoa chumvi kwafaa, lakini mtu hawezi kula chakula kisicho na ladha miaka yote. Mahali pa chumvi panahitaji mwenyeji mwingine.

Mwenyeji huyo ni kiungo. Katika Marekani, mjini Baltimore, ulifanywa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015. Watu wazima 55 kwanza walilishwa chakula chenye chumvi kidogo, kisha wakagawanywa. Wengine walifundishwa kupika kwa viungo na majani yenye harufu nzuri. Wengine waliachwa wajiendee wenyewe. Baada ya wiki 20, waliofundishwa walikuwa wakila chumvi pungufu kwa karibu gramu 2.4 kila siku kuliko wenzao, yaani karibu nusu ya kijiko cha chai. Mwaka 2017 wataalamu wa China nao walitoa habari za watu wazima 606. Waliopenda sana pilipili walikula chumvi pungufu kwa gramu 2.5 hivi kuliko wasioipenda, na shinikizo lao la juu lilikuwa chini kwa milimita 8. Kulinganisha watu namna hii hakuthibitishi yote, lakini njia mbili zimeelekea mahali pamoja: ulimi uliochangamshwa na kiungo hauidai chumvi kwa ukali ule.

Tuvitazame basi viungo vyetu wenyewe.

Kitunguu saumu kikipondwa na kuachwa dakika chache hutoa harufu nzito, nacho hufaa kwa nyama, samaki na maharagwe. Katika majaribio ya watu wenye shinikizo kimelishusha kidogo. Hata hivyo hakichukui nafasi ya vidonge vya daktari.

Tangawizi mbichi huuamsha ulimi uliolala, huondoa shombo ya samaki, na chai yake huweza kunywewa bila sukari nyingi.

Pilipili hufanya kijiko kidogo cha mboga kisikike kinywani. Mzee mwenye kidonda cha tumbo asilazimishwe.

Limau na ndimu ndizo ndugu wa karibu wa chumvi. Ukali wake huudanganya ulimi ukaona chumvi ipo. Tena asidi iliyomo husaidia kuzuia baadhi ya mawe ya figo. Hukamuliwa mwisho, chungu kikisha kutoka motoni.

Vitunguu, nyanya zilizopikwa mpaka zikauke na majani ya seleri hutengeneza mchuzi mzito bila kidonge chochote.

Ngai-ngai nyekundu nayo yastahili kutajwa, ile ambayo vikonyo vya maua yake hukaushwa vikatiwa maji moto. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 huko Marekani, watu 65 wenye shinikizo la kupanda kidogo waligawanywa mafungu mawili. Waliokunywa vikombe 3 vya chai hiyo kila siku kwa wiki 6 walishusha shinikizo la juu kwa milimita 7 hivi. Wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza walishusha karibu 1 tu. Mtu anayemeza dawa za shinikizo amwambie daktari wake kwanza, lisije likashuka kupita kiasi.

CHUNGU KIMOJA KWA NYUMBA NZIMA

Sasa tuingie jikoni. Maharagwe na yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya bila magadi. Yakisha kuiva, vitunguu vikaangwe kwa mafuta kidogo, vifuatwe na nyanya, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, ndipo maharagwe yatiwe. Chumvi ije mwisho kabisa, kwa kijiko. Mkono mtupu si kipimo. Nyumba ya watu 6 ikitumia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa mboga ya mlo mmoja, kila mtu hupata chini ya gramu 1.

Samaki wabichi wapakwe limau, kitunguu saumu na pilipili, wafungwe katika majani ya mgomba, waiwe juu ya makaa. Makayabu yakipikwa, yalowekwe tangu jana yake, maji yakibadilishwa mara 3, na chungu kisipewe chumvi nyingine. Wala yasiwe chakula cha kila juma. Sombe ipondwe na kuchemshwa sana kama desturi, kisha itiwe vitunguu na karanga zilizosagwa mahali pa vidonge.

Chumvi ipunguzwe pole pole, robo ya kwanza juma hili, robo nyingine baada ya majuma mawili au matatu. Ulimi hujifunza. Baada ya wiki kadha mboga ya zamani huonekana kali mno.

Hapa twapenda kusema neno juu ya heshima. Msimpikie mzee chungu chake peke yake, kikiwekwa pembeni kama cha mtu wa kutengwa. Nyumba nzima na ile chungu kimoja chenye chumvi kidogo na viungo vingi. Bibi hatajiona ameadhibiwa, kwa maana anakula walacho wajukuu. Baba mwenye miaka 45, ambaye vichujio vyake vimeanza kupungua asijue, atalindwa pamoja naye. Watoto watakua na ulimi usiodai chumvi. Tena bibi mwenyewe na aulizwe: wengi wao waliyajua majani ya harufu na namna za kupika ambazo sisi tumezisahau tulipoanza kununua vidonge. Mkimwita jikoni awafundishe, atapata heshima na dawa pamoja.

Pamoja na hayo mzee na ale mboga za majani, matunda, na maharagwe mahali pa nyama nyingi. Sukari ya vinywaji vya chupa ipunguzwe, kwa kuwa ugonjwa wa sukari ni mwuaji wa mafigo. Tumbako iachwe. Na maji yasisahauliwe: kiu ya wazee hudanganya, hivyo mtoto ampelekee bibi kikombe bila kungoja kuombwa, zaidi sana siku za joto au za kuharisha.

MAFIGO YAKIWA YAMEKWISHA KUUGUA

Hapa twaomba msikilize sana, maana chakula kizuri cha mtu mzima chaweza kuwa hatari kwa mgonjwa. Mafigo yaliyoharibika sana hushindwa kutoa potasiamu, nayo ikijaa katika damu yaweza kuusimamisha moyo kwa ghafula. Potasiamu ni nyingi katika ndizi, avoka, viazi, maharagwe na mboga za majani. Mgonjwa wa namna hiyo hupimiwa vyakula hivi na daktari. Mara nyingi viazi na mboga hukatwa vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji hayo humwagwa. Hata maji ya kunywa na nyama hupimwa. Mwenye miguu iliyovimba asijinyweshe maji mengi kwa nia ya kuosha figo.

Kwa sababu hiyo hiyo ile chumvi ya kienyeji inayopatikana kwa kuchoma mimea na kuchuja majivu haimfai mgonjwa wa figo, kwani imejaa potasiamu. Hali kadhalika chumvi mpya za dukani zilizochanganywa na potasiamu. Katika vijiji 600 vya China zilitumiwa kwa miaka karibu 5, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba zilipunguza kiharusi. Lakini wenye ugonjwa mkali wa figo hawakuingizwa katika jaribio hilo, nasi tusiwaingize.

TUJIHADHARI NA CHUPA

Turudi sasa kwa wauza chupa tuliotaja mwanzoni. Wasomaji wetu wanaijua Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, wenye hospitali kubwa na wataalamu wengi. Katika mji huo wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye majani ya Kichina. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitangaza kwamba mafigo ya wanawake hao yalikuwa yakifa kwa upesi. Ilionekana kwamba ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliumizwa. Wengi walihitaji mashine au figo la mtu mwingine, na baadaye wengine walipata saratani katika njia ya mkojo. Ikiwa mmea wa asili uliweza kufanya hivyo mahali penye maabara kila mtaa, mtu awezaje kuiamini chupa isiyo na jina, iliyochemshwa asipopajua?

Hata kiungo chema hugeuka kikizidi. Manjano kidogo katika mchuzi hayana ubaya. Lakini vijiko vingi vya unga wake kila siku huongeza katika mkojo kitu kiitwacho oksalati, kinachofanya mawe. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asile kitunguu saumu wala tangawizi kwa wingi kama dawa kabla ya kuuliza. Navyo vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo wazee wengi humeza kila siku kwa ajili ya magoti na mgongo, vyaweza kuyabana mafigo hata yashindwe kazi, hasa mwilini mkiwa na upungufu wa maji. Mzee asivitumie siku nyingi pasipo amri ya daktari.

TUFANYE NINI TANGU JUMA HILI?

Tusiondoke na maneno matupu. Baba wa nyumba, fedha uliyotaka kununulia chupa, mpeleke nayo mama yako kituo cha afya. Apimwe shinikizo: likifika 140 juu au 90 chini, tena kwa vipimo vya siku mbalimbali, limekwisha kuwa ugonjwa. Apimwe mkojo kwa kikaratasi, na sukari. Arudi kila mwaka, na upesi zaidi akiwa na shinikizo au sukari. Akipewa vidonge avimeze hata siku anapojisikia mzima, maana ugonjwa huu haupigi kelele.

Mama wa nyumba, weka kijiko ndani ya kopo la chumvi, uliondoe kopo mezani, na mahali pake uweke limau lililokatwa na pilipili.

Nanyi wanafunzi, mmesoma darasani kwamba mwili una viungo vingi. Mkifika nyumbani waelezeni wazee kazi ya vile vichujio milioni, kwa lugha yao, kwa adabu na bila kuwakaripia. Kisha ingieni jikoni mkatwange tangawizi. Haba na haba hujaza kibaba: kijiko kimoja cha chumvi kikipunguzwa leo, na kingine kesho, humwongezea mzee miaka ya kukaa kivulini na kuwasimulia wajukuu yale ambayo hakuna mwingine ayajuaye.